Je, mwanadiplomasia mkongwe anafaa kuwa mgombea mwenza wa urais?

Msomi wa Kariakoo (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, naomba tuijadili mada hii kwa utulivu na bila ushabiki wa vyama. Tangu uchaguzi wa 1995, ambao ndio wa kwanza kutumia utaratibu wa mgombea mwenza ulioletwa na marekebisho ya 11 ya Katiba, Tanzania imekuwa na Makamu wa Rais sita. Dk. Omar Ali Juma alikuwa daktari wa mifugo, Dk. Ali Mohamed Shein mtaalamu wa tiba, Dk. Mohamed Gharib Bilal mwanafizikia wa nyuklia, Mama Samia Suluhu Hassan mtu wa mipango na utawala, na Dk. Philip Mpango mchumi. Wa sita, Dk. Emmanuel Nchimbi, hutanguliziwa cheo cha Balozi kila anapotajwa, lakini kabla ya kupelekwa Brazil na baadaye Misri alishakuwa mwenyekiti wa UVCCM (Umoja wa Vijana wa CCM), mbunge wa Songea Mjini kwa miaka kumi na waziri. Kwake ubalozi ulikuwa kituo tu katikati ya safari ya siasa.

Ninayemuulizia mimi ni mtu wa aina nyingine, yule ambaye sehemu kubwa ya jina lake ameijenga katika diplomasia na mashirika ya kimataifa. Nikumbushe mkutano mkuu wa CCM wa Julai 2015. Majina matatu yaliyofikishwa mbele ya wajumbe kule Dodoma yalikuwa ya Dk. John Magufuli; Balozi Amina Salum Ali, aliyekuwa akiuwakilisha Umoja wa Afrika nchini Marekani; na Dk. Asha-Rose Migiro, aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 2007 hadi 2012. Magufuli alishinda kwa kura 2,104, Balozi Amina akapata 253 na Dk. Migiro 59. Kwa kuwa Magufuli alitoka Bara, mgombea mwenza wake alilazimika kutoka Zanzibar, na Balozi Amina, Mzanzibari aliyewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar, alikuwa palepale ukumbini akiwa ameshika nafasi ya pili. Hata hivyo jina lililotangazwa lilikuwa la Samia, ambaye hakuwamo kabisa katika kinyang'anyiro cha urais.

Swali langu lina pande mbili. Je, chama kinachotafuta mgombea mwenza kina sababu ya msingi ya kumpita mwanadiplomasia mkongwe, au ni hasara tunayojitia wenyewe? Na kwa upande wa mwanadiplomasia mwenyewe, akifuatwa na kuombwa, je, akubali?

Afisa Mstaafu

Ndugu mleta mada, nimeitumikia Wizara ya Mambo ya Nje hadi nilipostaafu, na jibu langu litawashangaza baadhi ya wenzangu wa zamani: mwanadiplomasia anayetoka moja kwa moja kituoni kuja kupanda jukwaani, nisingemshauri akubali, na chama nisingekishauri kimchukue.

Sababu ya kwanza ni namna kazi yenyewe inavyomlea mtu. Balozi ni msemaji wa mwingine. Hoja nzito huijibu baada ya kupokea maelekezo kutoka nyumbani, na pale ambapo maelekezo hayajafika hujifunza kusema maneno ishirini ambayo hayamfungi mtu yeyote. Ni ufundi mkubwa, na nchi nyingi zimeepushwa na balaa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyejua kunyamaza kwa adabu. Lakini mgombea mwenza huwa na ratiba yake ya mikutano, hupita mikoa ambayo mgombea urais hajafika, na huko hakuna wa kumpigia simu kumuuliza msimamo. Anaulizwa hapohapo na anajibu hapohapo.

Msidhani ninatunga. Mwaka 1960 Richard Nixon alimchagua Henry Cabot Lodge, aliyekuwa balozi wa Marekani Umoja wa Mataifa tangu 1953, mtu ambaye Wamarekani walikuwa wakimwona kwenye televisheni akijibizana na Wasovieti. Huyo ndiye aliyesimama Harlem mnamo Oktoba na kuahidi kwamba serikali ya Nixon ingekuwa na waziri Mweusi, ahadi ambayo bosi wake hakuwa ameiidhinisha, na ambayo kambi yao ilianza kuikana mara tu ilipowaudhi wapiga kura weupe wa majimbo ya Kusini. Ahadi yenyewe, kwa mtazamo wangu, ilikuwa njema. Kilichowaponza ni kwamba mtu aliyezoea kubeba ujumbe wa serikali nzima alijikuta akitoa ujumbe wake peke yake. Walishindwa na Kennedy kwa kura chache mno.

Sababu ya pili, na kwangu ndiyo nzito zaidi, ni kutokuwepo nyumbani. Hakuna Mtanzania aliyepanda juu katika diplomasia kumzidi Dk. Salim Ahmed Salim. Alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964 akiwa na umri wa miaka 22. Alikuwa mwakilishi wetu Umoja wa Mataifa katika miaka yote ya sabini, akaongoza Baraza Kuu, na mwaka 1981 angeweza kuwa Katibu Mkuu wa Umoja huo kama si kura ya turufu ya Marekani. Alirudi akawa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Waziri Mkuu baada ya kifo cha Edward Sokoine mwaka 1984, na mwaka 1985 wengi waliamini kwamba ndiye angemrithi Mwalimu. Aliyepitishwa ni Mzee Ali Hassan Mwinyi. Salim akaja kwenda Addis Ababa mwaka 1989 kuwa Katibu Mkuu wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), akakaa huko hadi 2001, na aliporudi kuomba ridhaa ya CCM mwaka 2005 akakuta Jakaya Kikwete ameshawafikia wajumbe wilaya kwa wilaya. Salim alikuwa wa pili. Wakati yeye anasuluhisha migogoro ya bara zima, wenzake walikuwa wanahudhuria misiba, harusi na vikao vya matawi, na wajumbe wa mkutano mkuu hawamsahau aliyekuja kwao.

Mtaniambia Kikwete naye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka kumi. Ni kweli, lakini kabla ya hapo alikuwa mtumishi wa chama mikoani na mbunge, na wizara hiyo aliiongoza akiishi Dar es Salaam. Tazameni pia George H. W. Bush, ambaye watu humtaja kama mwanadiplomasia aliyefanikiwa kuwa Makamu wa Rais mwaka 1981. Alipitia Umoja wa Mataifa na Beijing, lakini alianza kwa kuwa mbunge wa Texas, na katikati ya vituo hivyo viwili alikuwa mwenyekiti wa chama chake. Aliyetangulia kuwa mwanasiasa, ubalozi humwongezea uzito. Aliyetangulia kuwa balozi hukuta viti vimeshakaliwa.

Mama Korosho

Nashukuru kwa somo, mzee wangu. Naomba kuongeza neno la sisi wa Mtwara. Mgombea mwenza akija kwetu wakati wa kampeni, ataulizwa bei ya korosho, ataulizwa stakabadhi ghalani, ataulizwa kwa nini makato kwenye malipo ya mkulima ni mengi kiasi hicho, na ataulizwa na watu waliokaa juani tangu saa nne asubuhi. Sina shaka kwamba balozi aliyekaa nje miaka mingi anaweza kulisoma jambo hilo usiku mmoja akalielewa kuliko sisi. Lakini mkulima anataka ajue kama huyu mtu aliwahi kukerwa na jambo hilo kabla ya kuhitaji kura. Mimi nisingemnyima kura kwa sababu ya ubalozi wake. Ningetaka tu kwanza nimwone akigombea udiwani au ubunge mahali fulani, ashinde au ashindwe, ili nijue anavyopokea kukataliwa.

Nyota ya Taita

Salamu kutoka Kenya. Kwetu swali hili lina jibu fupi na la kusikitisha: mgombea mwenza huchaguliwa kwa sababu ya kura za eneo lake, na mwanadiplomasia, kwa kawaida, hana eneo.

Mfano wa zamani ni Joseph Murumbi. Alikuwa Waziri wetu wa Mambo ya Nje, mtu aliyesoma sana na kukusanya vitabu na sanaa za Afrika kwa mapenzi ya ajabu, na mwaka 1966 Mzee Kenyatta alimfanya Makamu wa Rais baada ya Jaramogi Oginga Odinga kujiuzulu. Wakati ule Makamu aliteuliwa, hakupigiwa kura. Baba yake alikuwa Mgoa na mama yake Mmaasai, kwa hiyo hakukuwa na kabila kubwa lililosimama nyuma yake. Kwa watu wengi hiyo ilikuwa sifa, kwani hakuonekana tishio kwa yeyote. Lakini kutokuwa tishio kulimaanisha pia kutokuwa na nguvu, na hakumaliza hata mwaka mmoja katika cheo hicho. Nafasi yake ikachukuliwa na Daniel arap Moi, mtu wa Bonde la Ufa aliyejua kila mzee wa kila kijiji.

Sasa mlinganishe na Kalonzo Musyoka. Amekuwa Waziri wa Mambo ya Nje mara mbili, chini ya Moi na chini ya Kibaki, na katika nchi nyingine sifa hiyo ingekuwa ya kwanza kutajwa. Raila Odinga alipomchukua kuwa mgombea mwenza mwaka 2013 na tena 2017, hesabu iliyozungumzwa kila mahali ilikuwa ya kura za Ukambani. Diplomasia yake ilibaki pambo. Mwaka 2022 pande zote mbili kubwa zilitafuta mtu wa Mlima Kenya: Ruto akamchukua Rigathi Gachagua, Raila akamchukua Martha Karua. Balozi Amina Mohamed, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani na Waziri wetu wa Mambo ya Nje, hakuna upande uliomsimamisha.

Niseme pia kwamba hesabu hiyo ya kura za eneo haijatupa ndoa imara. Gachagua aliondolewa na Bunge mnamo Oktoba 2024, miaka miwili tu baada ya kuapishwa, na aliyechukua nafasi yake, Profesa Kithure Kindiki, ni mtu wa taaluma ya sheria. Kwa hiyo, Afisa Mstaafu, ninaposikia kwamba mwanadiplomasia hana mizizi, najiuliza kama wale wenye mizizi wametuletea utulivu wowote. Mtu aliyefunzwa kutofautiana na mkubwa wake faraghani, bila kumvunjia heshima hadharani, pengine angetufaa zaidi katika ofisi ile kuliko mtu mwenye jeshi lake la kura.

Mdadisi wa Unguja

Nimemsoma Afisa Mstaafu kwa heshima, na nakubali yote aliyosema kuhusu kampeni. Ninachokataa ni kuipima nafasi hii kwa kampeni za miezi miwili huku tukiisahau kazi ya miaka mitano.

Tuisome Ibara ya 47 ya Katiba. Makamu wa Rais ni msaidizi mkuu wa Rais kwa mambo yote ya Jamhuri ya Muungano, na jukumu la kwanza linalotajwa mahususi ni kufuatilia utekelezaji wa mambo ya Muungano wa siku hadi siku. Kamati ya pamoja ya Serikali mbili iliyoanzishwa mwaka 2006 kushughulikia kero za Muungano iliwekwa chini ya uenyekiti wa Makamu wa Rais. Humo ndimo yanamozungumzwa mgawanyo wa mapato, mafuta na gesi, mikopo ya nje, ushuru wa bidhaa zinazotoka Zanzibar kuingia Bara. Pande mbili, kila moja na serikali yake, bendera yake na wananchi wanaohisi wanapunjwa, zinaketi mezani na hakuna inayoweza kuilazimisha nyingine bila kuumiza nchi. Kama hiyo si kazi ya kidiplomasia, basi sijui ni ipi. Ongezeni kwamba kwa miaka mingi masuala ya mazingira yamekaa katika ofisi hiyohiyo, na mazingira siku hizi ni mikutano ya kimataifa isiyokwisha.

Historia ya Samia mwenyewe inanisaidia. Kabla ya 2015 alikuwa Waziri wa Nchi anayeshughulikia Muungano, na mwaka 2014 alikuwa Makamu Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, lile ambalo wajumbe wa UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani, walilisusia. Alikuwa anafanya diplomasia ya ndani. Baada ya kuwa Makamu, kwa kuwa Magufuli hakupenda kusafiri nje, ndiye aliyekuwa akitumwa kumwakilisha kwenye mikutano mingi ya wakuu wa nchi. Ofisi ile ilimhitaji mwanadiplomasia, na kwa kuwa hakukuwa na aliyepewa, ikajitengenezea wake. Kwa hiyo mleta mada, mimi nasema Balozi Amina angeifaa ofisi ile tangu siku ya kwanza, na CCM ilipompita haikumpita kwa sababu ya upungufu wa uwezo.

Kuhusu Dk. Salim pia niseme kidogo, maana habari ya "hakuwepo nyumbani" haitoshi. Sisi Wazanzibari tunajua maneno yaliyosambazwa dhidi yake mwaka 2005 kuhusu asili yake na siasa za kabla ya Mapinduzi. Mtu anaweza kuhudhuria misiba yote ya Pemba na Unguja na bado maneno ya aina hiyo yakamfuata. Alichokosa ni watu wa kumtetea kwenye mabaraza wakati yanasemwa.

Afisa Mstaafu

Mdadisi, hapo mwisho umeisema hoja yangu vizuri kuliko nilivyoisema mimi. Watu wa kukutetea barazani hawapatikani kwa hati ya utambulisho. Hupatikana kwa kuishi nao. Kuhusu kamati ya kero za Muungano nakubaliana nawe bila kigugumizi, na ningefurahi kumwona mwanadiplomasia mzuri akiwa waziri wa Muungano au katibu mkuu wa ofisi ile. Mwaka 2020 Joe Biden alimfikiria Susan Rice kwa nafasi ya mgombea mwenza, huyohuyo aliyekuwa akisimamia masuala ya Afrika katika Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani wakati balozi zao za Nairobi na Dar es Salaam zilipolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Hakuwahi kugombea cheo chochote cha kuchaguliwa. Biden akamchukua Kamala Harris, na Rice akapewa kuongoza Baraza la Sera za Ndani katika Ikulu, kazi isiyohitaji kampeni wala uthibitisho wa Seneti. Nadhani alimtendea haki.

Lakini Makamu wetu wa Rais si waziri. Tarehe 17 Machi 2021 Rais alifariki dunia, na tarehe 19 Makamu wake aliapa kuwa Rais. Swali la kumuuliza mwanadiplomasia anayefuatwa na chama ni kama yuko tayari kushika madaraka yote ndani ya siku mbili, mbele ya chama ambacho nusu ya viongozi wake hawajawahi kukaa naye kikao kimoja. Samia alipata taabu ya kutosha hata yeye aliyekuwa na miaka mingi ndani ya CCM.

Msomi wa Kariakoo (mleta mada)

Nawashukuru wote. Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyeligusa. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ambapo watu walipoteza maisha na waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa SADC wakatoa taarifa za kuukosoa, nimesikia wakisema kwamba sasa ndipo tunapohitaji mtu wa diplomasia karibu na Rais, wa kwenda kuzungumza na wahisani na majirani. Mnaionaje hoja hiyo?

Mama Korosho

Ndugu mleta mada, majirani hawakufiwa. Waliofiwa wako hapa, na kwao hatumwi balozi.

Mdadisi wa Unguja

Namuunga mkono Mama Korosho. Mwanadiplomasia anayekubali kuingia katika tiketi ili akasafishe jina la nchi nje, huku ndani hakuna aliyezungumza na mtu, atakuwa amekubali kazi ambayo hata Salim wa miaka ya sabini asingeiweza, maana wale anaozungumza nao huko nje wana ofisi zao Dar es Salaam na wanajua yaliyotokea.

Kwa swali la awali, nitaje mlango ambao tumeusahau. Dk. Shein mwaka 2001, baada ya Dk. Omar kufariki akiwa madarakani, na Dk. Mpango mwaka 2021, wote wawili waliingia katika ofisi ile kwa jina lao kupendekezwa na Rais na kuthibitishwa na Bunge, bila mkutano hata mmoja wa kampeni. Mpango alikuwa mchumi aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia, aliyeingia bungeni mwaka 2015 kwa kuteuliwa na Rais, na ubunge wa kupigiwa kura, wa Buhigwe, akaupata mwaka 2020. Karibu kila kasoro ambayo Afisa Mstaafu ameiona kwa balozi ingeweza kusemwa juu yake siku ile, na Bunge zima lilimpitisha. Afisa, ungemshauri Mpango akatae?